Mnyoo au nzi? Kuchagua kiinitete cha kuchunguzia protini zinazoshika RNA

Wanafunzi wa uzamili wanaoniletea mapendekezo ya utafiti wa viinitete huwa na swali moja wanaloliuliza wakiwa wameshashika kitasa cha mlango: "Mwalimu, na mnyama, nitumie yupi?" Hapo huwarudisha kitini. Swali hilo lilipaswa kuja mwanzo. Katika somo la protini zinazoshika RNA, wanyama wa maabara hawafanyi kazi ileile kwa njia ileile, na mtu akikosea mnyama anaweza kukaa miaka mitatu akitafuta jambo ambalo kiinitete chake hakilifanyi kabisa.

Tuanze na lenyewe. Yai linapotungishwa, DNA ya mtoto bado imenyamaza, au inazungumza kidogo sana. Katika saa za mwanzo kiinitete huishi kwa akiba ya mama: maelfu ya RNA mjumbe, yaani nakala za maagizo ya jeni ya kutengenezea protini, alizozipakia ndani ya yai kabla halijatoka mwilini mwake. Humo mna ujumbe wa protini zitakazoamuru seli iwe misuli, zitakazoamuru iwe utumbo, na zitakazoilinda isiwe kitu chochote kingine ila mbegu au yai la kizazi kijacho. Kama kila ujumbe ungesomwa kila mahali, seli zote zingetoka sawa. Hazitoki sawa kwa sababu kuna protini zinazoushika ujumbe, hasa kwenye mkia wake, ile sehemu ya mwisho isiyotafsiriwa. Nyingine huuzuia usisomwe, nyingine huufupisha ukavunjika, nyingine huulinda, nyingine huubeba hadi mahali pake. Kabla jeni za mtoto hazijafungua kinywa, protini hizi zimeshaamua mengi.

Nitalinganisha kwa kirefu wanyama wawili: mnyoo Caenorhabditis elegans na nzi Drosophila melanogaster. Chura, samaki na panya nitawagusa baadaye kwa ufupi, kwa kuwa kwa mtu anayeanza hapa kwetu nadhani uchaguzi halisi uko kati ya hao wawili. Na nzi ninayemsema si yule anayetoboa maembe na kuwatia hasara wakulima. Ni yule mdogo, mwenye macho mekundu, anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na huko Zimbabwe watafiti wamemkuta porini akiishi kwenye matunda ya mng'ongo.

Tofauti iliyo mzizi wa uchaguzi

Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu, soma hii. Mnyoo husogeza walinzi. Nzi husogeza barua.

Yai la mnyoo lina urefu wa kama mikromita 50. Kwa kawaida upande ilikoingia mbegu ya kiume ndio unakuwa nyuma. Protini za PAR, ambazo jeni zake zilitambulishwa na Ken Kemphues na wenzake mwaka 1988, hugawana utando wa yai: PAR-3 na PAR-6 huchukua mbele, PAR-1 na PAR-2 huchukua nyuma. PAR-1 ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti, na mmoja wa wanaobandikwa ni MEX-5, protini inayoshika RNA. MEX-5 iliyobandikwa hutembea haraka, isiyobandikwa hujikokota. Fikiria uwanja wenye jua kali upande mmoja na kivuli cha mwembe upande wa pili: watu hupita juani mbio na kivulini huburuta miguu, na baada ya muda kivuli kimejaa bila mtu yeyote kuamrishwa aende huko. Ndivyo MEX-5 inavyojaa mbele ya yai ndani ya dakika chache.

MEX-5 ikishakaa mbele, protini nyingine za kushika RNA, kama POS-1 na MEX-1, hubaki nyuma pamoja na protini ya PIE-1 na chembechembe za P, yale matone yenye RNA yanayofuatana na ukoo wa seli za uzazi. Mwaka 2009 Clifford Brangwynne, Anthony Hyman na wenzao walionyesha kwamba chembechembe hizo ni vimiminika kweli: huyeyuka mbele na kujikusanya upya nyuma, kama umande. Kwangu mimi huu ni mmoja wa ugunduzi mzuri kupita yote ya biolojia ya seli katika kizazi chetu, na ulifanyika ndani ya yai la mnyoo asiyezidi milimita moja.

Sasa tazama ujumbe wenyewe. Ujumbe wa pal-1 umeenea yai zima, mbele na nyuma. Protini yake, hata hivyo, huonekana nyuma tu, kwa sababu mbele kuna MEX-3 inayoufunga mdomo. Jeni ya mex-3 ikiharibika, wazao wa seli ya mbele, iitwayo AB, hutengeneza misuli mahali ambapo hapakuwa na haja ya misuli; jina la MEX lenyewe limetokana na huko kuzidi kwa misuli. Ujumbe wa glp-1 una mkasa ulio kinyume: nao umeenea pote, lakini unasomwa mbele tu, kwani nyuma unazuiwa na POS-1 na GLD-1. Barua ziko kila chumba. Aliyewekwa hapa na asiyewekwa pale ni mlinzi.

Kwa nzi mambo hugeuka. Mama hutengeneza yai akisaidiwa na seli 15 za kulisha, nazo humimina RNA ndani ya yai lingali tumboni. Ujumbe wa bicoid hukamatwa na kufungwa mbele, na protini iitwayo Staufen ni miongoni mwa wanaoushikilia hapo. Ujumbe wa oskar husafirishwa hadi nyuma kwa kinesini, kibebaji kinachotembea juu ya nyuzi za ndani ya seli kama treni juu ya reli. Njiani haupaswi kusomwa, hivyo protini nyingine, Bruno, huufunga. Ukifika, hufunguliwa, na protini ya Oskar hujenga pale nyuma shamba la kuoteshea seli za uzazi.

Jaribio lililonifanya niipende fani hii lilichapishwa na Anne Ephrussi na Ruth Lehmann mwaka 1992. Waliuondoa mkia wa ujumbe wa oskar, wakaupachika mkia wa bicoid. Ujumbe ukaenda mbele badala ya nyuma, na seli za uzazi zikaota upande wa kichwa. Anwani, kumbe, imeandikwa kwenye mkia, na kuna protini zinazojua kuisoma.

Kisha kuna mkasa wa nanos. Ujumbe wake unaofika nyuma ya yai ni sehemu ndogo sana, kama asilimia 4. Uliobaki umetapakaa, na protini iitwayo Smaug inauzuia usisomwe. Nanos inayotengenezwa nyuma huungana na Pumilio, ambayo iko kila mahali, na kwa pamoja hushika mkia wa ujumbe wa hunchback na kuunyamazisha. Bila Nanos, kiinitete hakipati tumbo. Lakini miaka ya mwisho ya 1980 watafiti waliondoa vyote viwili, nanos na hunchback ya mama, na tumbo likarudi. Kwa upande wa tumbo, basi, kazi ya Nanos ilikuwa moja tu: kuiondoa Hunchback njiani. Mantiki safi namna hiyo ni nadra kuipata kwa kiumbe hai, na inawezekana kwa nzi kwa sababu jenetiki yake imepevuka kuliko ya mnyama mwingine yeyote.

Na sasa jambo ninalolitumia darasani kila mara. Jeni ya pal-1 ya mnyoo na jeni ya caudal ya nzi ni ndugu wa ukoo mmoja. Ujumbe wa caudal nao umeenea yai zima la nzi, nao unazuiwa mbele. Anayeuzuia huko ni Bicoid, protini ambayo wengi walisoma kwamba kazi yake ni kushika DNA, hadi mwaka 1996 ilipoonyeshwa kwamba inashika pia mkia wa caudal. Ujumbe uleule, upande uleule, amri ileile ya "usisomwe hapa", lakini walinzi wawili wasio na undugu wowote. Ukinitajia nia ya kuchunguza namna mageuzi yanavyobadilisha protini bila kubadilisha kazi, nitakuambia uchukue wanyama wote wawili na uanzie hapo.

Kuna tofauti ya pili inayotokana na umbo la kiinitete. Mnyoo hugawanya yai kuwa seli kamili tangu mwanzo: AB na P1, kisha nne, kisha nane, kila moja na jina lake. Nzi hugawanya viini mara 13 ndani ya mfuko mmoja, na kuta za seli hujengwa viini vikiwa kama 6,000, karibu saa tatu baada ya yai kutagwa. Seli za uzazi tu ndizo hujitenga mapema. Kwa hiyo swali kama "seli hii na dada yake, kwa nini zimetofautiana?" ni la mnyoo. Swali kama "mwili unajuaje kichwa kiwe wapi na tumbo liwe wapi?" ni la nzi. Mwanafunzi akisema "hatima ya seli" huku akitaka kutumia nzi wa saa moja, naona tayari ana tatizo.

Kuona kwa macho

Mnyoo anashinda, na si kwa kidogo. Kiinitete chake ni angavu kama kioo. John Sulston na wenzake walifuata kila seli kwa macho yao, hadubini na kalamu, na mwaka 1983 wakachapisha ukoo mzima wa kiinitete: seli 671 huzaliwa, 113 kati yake hufa kwa kupangiwa, na mtoto hutoka na seli 558. Kila mnyoo hufuata ramani hiyohiyo. Ukizima protini moja ukaona seli imepotea njia, unaweza kuitaja kwa jina. Ni hapa pia protini ya kung'aa kijani ilionyeshwa kwa mara ya kwanza ndani ya mnyama, na Martin Chalfie, mwaka 1994.

Kiinitete cha nzi ni kirefu zaidi, kama nusu milimita, lakini ndani kimejaa ute wa njano usiopitisha nuru vizuri. Unachokiona vizuri ni tabaka la juu. Hata hivyo, kwa kuona RNA yenyewe, nzi ana historia isiyo na mpinzani. Mwaka 2007 kundi la Henry Krause huko Toronto lilichapisha uchunguzi wa jeni zaidi ya 3,000 za nzi, na asilimia 71 ya zilizokuwa zikitumika katika kiinitete zilikuwa na ujumbe uliokaa mahali maalumu ndani ya seli. Tena, ukitumia rangi ya kawaida ya kutia RNA alama, huhitaji hadubini ya mng'ao. Hadubini ya nuru ya kawaida inatosha kuona bicoid imejikunyata mbele kama kofia. Kwa idara yenye hadubini moja ya mng'ao inayogombewa na watu kumi, hilo si jambo dogo.

Wote wawili, nashukuru, huandaliwa kwa kitu kinachopatikana duka lolote: jiki. Kwa nzi inaondoa ganda la nje la yai. Kwa minyoo, ikichanganywa na sodiamu haidroksaidi, inayeyusha mama na kuacha mayai, kwa kuwa ganda lao linavumilia. Hakikisha tu unajua nguvu ya klorini iliyomo kwenye chupa yako, maana hutofautiana, na jiki iliyokaa muda mrefu juani haina kazi.

Kuzima jeni

Kwa mnyoo unaweza kuzima ujumbe wa mama kwa kumlisha. Andrew Fire na Craig Mello walionyesha mwaka 1998 kwamba RNA ya nyuzi mbili huzima jeni inayofanana nayo. Muda si mrefu ikajulikana kwamba mnyoo akila bakteria waliotengenezwa kubeba RNA hiyo, jeni huzimika mwilini mwake na kwa watoto wake. Maabara ya Julie Ahringer, Cambridge, ilijenga maktaba ya bakteria zaidi ya 16,000, kila mmoja kwa ajili ya jeni moja. Unaagiza bakteria wa mex-3, unamwaga kwenye sahani, unaweka minyoo wachanga, na baada ya siku mbili au tatu wanataga mayai yasiyoanguliwa. Mello huyohuyo ndiye aliyekuwa akichambua pie-1 na mex-1 miaka ya mwanzo ya 1990. Mbinu na swali vilikulia nyumba moja.

Tahadhari moja. Protini nyingi za kushika RNA za mnyoo zina pacha. MEX-5 ana MEX-6, OMA-1 ana OMA-2. Ukizima mmoja tu, mwenzake anaweza kufunika pengo, nawe ukaandika kwenye daftari "haina athari". Nimeona kazi ya muhula mzima ikiishia hapo. Tafuta pacha kwanza.

Kwa nzi, kuzima jeni ndani ya yai la mama kunahitaji msalaba wa vizazi viwili au zaidi, kukusanya majike bikira kila asubuhi na jioni kabla madume hayajawafikia, na kujua kutumia kromosomu za mizani zinazozuia jeni zako zisichanganyike. Ni stadi ya mikono na kumbukumbu, na inachukua miezi kuizoea. Mnyoo hahitaji hata mwenzi: wengi ni huntha, wanajitungisha wenyewe, mmoja akitoa watoto kama 300. Kizazi kimoja cha mnyoo ni siku tatu hadi nne. Cha nzi ni siku kumi kwa nyuzijoto 25.

Lakini ukishaizoea, jenetiki ya nzi inakuruhusu kuuliza maswali ambayo mnyoo hatakujibu kwa urahisi: zima jeni hii ndani ya yai tu na si kwa seli zinazolizunguka, badilisha mkia huu kwa ule, ondoa hiki na kile kwa pamoja. Jaribio la nanos na hunchback ni mfano wa aina hiyo.

Kukusanya viinitete vingi vya umri mmoja

Kama unapanga kuvuna protini pamoja na RNA inazoshika, ili ujue ni ujumbe upi hasa, utahitaji viinitete vingi vya umri mmoja. Hapa nzi anashinda wazi. Unawaweka maelfu kwenye kasha lenye wavu, unawatandikia sahani ya agari na juisi ya zabibu au tofaa, unaiondoa baada ya saa mbili, na unayo mayai ya saa sifuri hadi mbili kwa gramu. Mnyoo hubeba mayai ya umri tofauti tumboni kwa wakati mmoja. Kupata viinitete vya seli moja hadi nne tu kwa wingi ni kazi ya jasho, inayodai minyoo walioanza kukua pamoja na saa iliyopimwa vizuri. Ukiwa na mpango wa namna hiyo na huna mtu wa kukufundisha, chukua nzi.

Umeme, joto na pesa

Hapa ndipo mapendekezo mengi mazuri hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wanyama wote wawili hawapendi joto la Pwani. Mnyoo hutunzwa kati ya nyuzijoto 15 na 25. Akifika 27 anaacha kuzaa. Nzi dume akikulia kwenye nyuzijoto 30 huwa tasa. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chumba kisicho na kipoza hewa kinavuka hapo kila alasiri. Kwa hiyo utahitaji inkubeta inayopoza, si ile inayopasha tu, na ofisi za ununuzi hukosea hilo mara kwa mara; liandike wazi. Kwa walio Nairobi, Arusha au Mbeya kwenye miinuko, meza iliyo mbali na dirisha inaweza kutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Umeme ukikatika, tofauti kati yao ni kubwa sana. Mnyoo anaweza kugandishwa. Mbinu hiyo aliibuni Sulston siku za mwanzo: minyoo wachanga walioshindishwa njaa, gliseroli, nyuzi 80 chini ya sifuri au nitrojeni kimiminika, na miaka mingi baadaye wanaamka. Hata bila friza, minyoo wakikosa chakula na kusongamana huingia hali ya kusubiri, na sahani iliyosahaulika miezi miwili mara nyingi bado ina uhai. Nzi hawagandishwi kwa utaratibu wa kawaida wa maabara. Kila ukoo lazima uhamishiwe chupa mpya kila wiki mbili hadi nne, sikukuu au si sikukuu. Niliwahi kupoteza koo kadhaa za nzi katika wiki moja ya joto kipoza hewa kilipoharibika. Nyingine zilikuwa za mwanafunzi aliyekuwa karibu kumaliza. Hakuna aliyekosea. Nzi tu hawana akiba.

Chakula cha nzi ni rahisi na cha kwetu: unga wa mahindi, hamira, sukari guru, agari kidogo na dawa ya kuzuia ukungu. Agari na dawa ndizo utakazoagiza. Chakula cha mnyoo ni bakteria E. coli kwenye sahani za petri, na gharama inayouma ni sahani na agari, kwa kuwa agari huliwa kwa wingi. Kwa hesabu zangu mnyoo hutoka nafuu mwisho wa mwaka, hasa ukitumia sahani za kioo unazoweza kuzichemsha tena. Koo za minyoo huagizwa kutoka kituo cha CGC, Chuo Kikuu cha Minnesota. Za nzi kutoka Bloomington, Indiana. Anza mapema kushughulikia kibali cha kuingiza wanyama, kwani kikichelewa nzi hufia uwanja wa ndege, ilhali minyoo huvumilia bahasha.

Jambo moja linampa nzi uzito kwa Afrika Mashariki: kuna watu. Mradi wa DrosAfrica umeendesha mafunzo ya nzi Uganda, katika kampasi ya Ishaka ya Kampala International University, na mmoja wa waanzilishi wake, Isabel Palacios, ndiye huyohuyo aliyetumia miaka mingi akichunguza jinsi RNA zinavyosafirishwa ndani ya yai la nzi. Mwalimu wa karibu anaweza kuwa na thamani kuliko inkubeta.

Chura, samaki na panya

Chura mwenye kucha wa Afrika, Xenopus laevis, ana yai la zaidi ya milimita moja. Unaweza kulidunga RNA kwa mkono, na unaweza kulikamua ukapata majimaji yanayofanya kazi nje ya seli. Ndiyo sababu mengi tunayojua kuhusu CPEB, protini inayoushika ujumbe uliolala na kuurefushia mkia wa adenini ili uamke, yalitoka kwa chura. Ujumbe wa Vg1 na VegT hukaa upande wa chini wa yai lake, na VegT huamua seli zipi zitakuwa utumbo. Chura huyu alianza kuzunguka dunia baada ya Lancelot Hogben kumtumia Cape Town: sindano ya mkojo wa mjamzito humfanya jike atage. Ndugu yake, Xenopus borealis, yuko Kenya. Lakini laevis ana seti nne za kromosomu na huchukua mwaka au zaidi kukomaa. Kwa jenetiki, mwache. Kwa kemia ya protini, ni mfalme.

Samaki pundamilia ni angavu, jike hutaga mayai mia na zaidi, na nyuzijoto anazozitaka, 28.5, ndizo za Pwani yetu. Kwa swali moja ni mzuri mno: protini iitwayo Dead end hushika ujumbe wa seli za uzazi na kuukinga usivunjwe na RNA ndogo miR-430, ambayo inasafisha ujumbe wa mama kwingine kote. Iondoe, na samaki hukua bila seli za uzazi. Kinachokatisha tamaa ni pampu za maji zisizoruhusiwa kusimama.

Panya nitamsema kwa ufupi zaidi. Kiinitete chake hakigawi ujumbe wa mama kwa mipaka mikali kama nzi. Seli zake za mwanzo zinaweza kuchukua nafasi ya nyingine zikiondolewa. Viinitete ni vichache, vinakua ndani ya mama, na kibali cha maadili ni kirefu, kama inavyostahili. Anayetaka kuwa karibu na binadamu akumbuke kwamba LIN28, protini ya kushika RNA ambayo mwaka 2007 ilitumika kurudisha seli za ngozi za binadamu katika hali ya ujana, ilipatikana kwanza kwa mnyoo. Pumilio na Nanos za nzi nazo zina ndugu ndani ya mwili wako. Kwa upande mwingine, bicoid ni ya nzi na jamaa zake wa karibu tu, binadamu hana. Chunguza hilo kabla ya kuandika "umuhimu kwa afya" kwenye pendekezo.

Ningekushauri hivi

Kama swali lako ni mlinzi, yaani protini inafikaje upande mmoja wa seli na inazuia ujumbe gani, chukua mnyoo. Kama swali lako ni safari ya barua, yaani ujumbe unabebwaje na nani anasoma anwani, chukua nzi, tena utazame mayai yaliyo bado ndani ya mama. Kama unataka kuvuna protini na RNA zake kwa wingi, nzi, au chura ukiwa na mwalimu wake. Kama hujui bado, una umeme wa mashaka na hadubini moja, anza na mnyoo, atakusamehe mengi.

Na usisubiri fedha zote zifike ndipo ujipime. Kwa mnyoo, agiza minyoo wa kawaida, wale wa N2, na bakteria wa mex-3 na pos-1, ulishe, uhesabu mayai yasiyoanguliwa. Wiki moja inatosha. Kwa nzi, agiza ukoo wenye kasoro ya nanos, kusanya mayai ya majike wasio na nanos, yaache siku nzima, yasafishe, uangalie ngozi ya viinitete chini ya hadubini ya kawaida. Nzi mzima ana mikanda minane ya vijino tumboni. Kwa hao wako, hesabu iliyobaki.